Mkopo wa muuzaji: mjadala juu ya nyumba ya kwanza ya kupangisha Mombasa bara

Mkopo wa muuzaji ni mapatano ambayo mwenye nyumba anakubali kulipwa bei yake kwa mafungu badala ya kulipwa yote kwa mkupuo. Mnunuzi hutoa arbuni, hukabidhiwa nyumba au haki ya kupokea kodi za wapangaji, kisha hulipa salio kila mwezi hadi deni liishe. Benki haimo kabisa. Anayekopesha ni muuzaji, na anachokopesha ni nyumba yenyewe.

Mombasa bara ina sehemu tatu kubwa zinazozunguka kisiwa: Likoni kusini, Kisauni kaskazini na Changamwe magharibi. Wapangaji wake hufuata kazi. Changamwe, Chaani, Magongo na Mikindani hukaa watu wa bandari, maghala na malori. Kisauni, kuanzia Mlaleo na Mshomoroni hadi Mtopanga na Kiembeni, hukaa wafanyakazi wengi wa hoteli na nyumba za Nyali na Bamburi. Likoni, Mtongwe na Timbwani hukaa wanaovuka feri kila siku kwenda kisiwani. Mahali pote hapo nyumba ya kwanza ya kupangisha huwa ya aina moja kati ya mbili: nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vitatu kila upande wa ukumbi, na ua nyuma wenye choo, bafu na jiko, au safu ya vyumba iliyojengwa kwenye ploti, kila chumba na mlango wake.

Hoja inayojadiliwa ni hii: mtu mwenye kipato cha kawaida anayetaka nyumba yake ya kwanza ya kupangisha katika maeneo haya anafaa kuinunua kwa mkopo wa muuzaji. Mtetezi anaiunga mkono, Mpinzani anaipinga, na Wakili anaeleza sheria inavyosema na inavyotumika.

Mlango wa kuingilia

MTETEZI: Kwanza tazameni milango mingine. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, mwishoni mwa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takribani 30,000 tu, katika taifa la watu zaidi ya milioni 50. Riba yake ya wastani ilizidi asilimia 14. Benki hutaka hatimiliki safi na hati ya mshahara. Kibarua wa bandarini anayelipwa kwa siku hana hati hiyo. Mama anayeuza mahamri na mbaazi hana, hata akiwa anaweka akiba kila jioni na kulipa chama chake bila kukosa. Muuzaji anamjua mtu huyo. Anaona biashara yake, anajua anakosali au anakoabudu, na anaweza kumpima kwa macho yake. Kulipa mdogo mdogo kumewapa watu wa namna hii viwanja, pikipiki na mashine za kushona. Nyumba nayo inaweza kununuliwa hivyo.

Hata serikali imewahi kuwa muuzaji wa namna hii. Shirika la Kitaifa la Nyumba, ambalo mizizi yake ni Bodi Kuu ya Nyumba ya 1953, liliuza nyumba kwa wapangaji wake kwa miaka mingi: mtu anatoa arbuni, anaingia, na malipo yake ya mwezi yanageuka kuwa bei. Chaani yenyewe iliingia katika mradi wa pili wa miji wa Benki ya Dunia mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wakapata viwanja vyenye huduma wakalipia polepole.

MPINZANI: Mwenzangu ametaja mashirika ya umma, na hapo ndipo tofauti ilipo. Shirika halifi, halina wake wawili, na haliuzi nyumba moja kwa watu watatu. Muuzaji wa mtaani anaweza kufanya yote hayo. Zaidi ya hayo, ni vyema kuuliza kwa nini mtu anakubali kulipwa kwa miaka minne wakati angeweza kupata fedha zake leo. Mara nyingine ni mstaafu anayetaka kipato cha mwezi, na huyo ni muuzaji mwema. Mara nyingine ni kwa sababu nyumba haiuziki kwa taslimu: hatimiliki iko benki, au iko kwa jina la babu aliyefariki, au haipo. Urahisi wa kuingia unaweza kuwa dalili ya ugumu wa kumaliza.

WAKILI: Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana kazi ya kwanza hufanyika kabla ya arbuni kutolewa. Mnunuzi hupekua rejista ya ardhi kwa namba ya kiwanja. Mombasa bara, namba hizo huwa na alama ya sehemu kwa tarakimu za Kirumi na herufi MN kwa bara ya kaskazini au MS kwa bara ya kusini. Matokeo ya upekuzi huonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani zilizopo na vizuizi vilivyowekwa. Jina likitofautiana na la muuzaji, mazungumzo husimama hadi tofauti hiyo ielezwe kwa hati. Kiwanja kikiwa ni cha wakfu, hakiuziki kama mali ya kawaida, na swali hilo huulizwa kwa Tume ya Wakfu.

Hesabu ya kodi na mafungu

MTETEZI: Uzuri wa nyumba ya kupangisha ni kwamba inajisaidia kujilipa. Chukua mfano wa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huko Mlaleo, kila chumba kinapangishwa kwa Sh4,500. Kodi ya mwezi ni Sh27,000. Muuzaji angekubali Sh1,500,000 taslimu, lakini kwa mafungu anataka Sh1,800,000. Mnunuzi anatoa Sh600,000 alizochukua katika sako (chama cha akiba na mikopo) na kwenye akiba, zinabaki Sh1,200,000. Kwa miezi 48, fungu ni Sh25,000. Kodi inazidi fungu kwa Sh2,000.

MPINZANI: Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila chumba kina mtu na kila mtu analipa. Chumba hukaa kitupu mpangaji mmoja anapohama na mwingine hajaja. Mwingine hukosa kodi mwezi ambao meli hazikuja au hoteli imepunguza watu. Tukiondoa sehemu moja ya kumi kwa hayo, zinabaki Sh24,300. Kodi ya mapato ya nyumba, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote inayopokewa kwa mwenye kupata kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000 kwa mwaka, inachukua karibu Sh1,820. Kodi hiyo ya serikali haipunguzwi kwa sababu ya matengenezo. Weka Sh3,500 kwa bati lililotoboka, shimo la choo linalojaa, maji, na ada za kaunti. Mkononi zinabaki karibu Sh19,000. Fungu ni Sh25,000. Kila mwezi mnunuzi atatoa Sh6,000 mfukoni mwake, kwa miaka minne.

Na maji yasichukuliwe kwa wepesi. Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji chake yenyewe. Hutegemea mabomba ya kutoka mbali, likiwemo la Mzima lililokamilika miaka ya 1950. Mabomba yakikauka, ua wenye kisima au tangi hupata wapangaji, na ua usio navyo huwapoteza. Mnunuzi asiyeuliza maji hutoka wapi amenunua kuta tu.

MTETEZI: Nakubali makato hayo. Lakini tazama kinachotokea muda ukibadilishwa na bei ikabaki ileile. Sh1,200,000 kwa miezi 60 ni Sh20,000 kwa mwezi, na pengo linashuka hadi Sh1,000. Kwa miezi 72 fungu ni karibu Sh16,700, na nyumba inaacha zaidi ya Sh2,000 kila mwezi. Mnunuzi wa kwanza hupoteza nguvu nyingi kuvutana juu ya bei, akasahau muda. Fungu linalozidi kodi halisi huua mkataba hata kama bei ni nzuri.

WAKILI: Hesabu hiyo huandikwa kwenye karatasi na pande zote mbili kabla ya mkataba. Husaidia pia kuandika nani anapokea kodi katika kipindi cha malipo. Masharti ya kawaida ya mauzo nchini humpa mnunuzi nyumba baada ya bei kuisha. Ikiwa makubaliano ni kwamba aanze kupokea kodi tangu arbuni, mkataba useme hivyo kwa maneno wazi, utaje tarehe, na wapangaji waarifiwe kwa barua ya muuzaji. Bila barua hiyo, wapangaji wataendelea kumlipa mwenye nyumba wanayemjua.

Bei ya taslimu, bei ya mkopo na riba

MPINZANI: Katika mfano huo mnunuzi analipa Sh300,000 zaidi kwa sababu ya kungojewa. Mtu akiambiwa «nyongeza ya laki tatu» huona ni ndogo. Tuipime kama benki inavyopima. Bei ya taslimu ni Sh1,500,000. Amekwisha kutoa Sh600,000. Anachokopeshwa kweli ni Sh900,000. Kulipa Sh25,000 kwa miezi 48 juu ya Sh900,000 ni sawa na riba ya karibu asilimia 15 kwa mwaka. Hiyo ni riba ya benki, bila ulinzi wa benki.

MTETEZI: Na kwa miezi 60 ni asilimia 12, kwa miezi 72 ni karibu 10. Narudia: muda ndio mazungumzo. Tena kuna jambo ambalo watu wa pwani hulitazama kwa makini. Waislamu wengi hawataki riba, na nchi ilipata benki zake za kwanza zinazofuata sharia, First Community Bank na Gulf African Bank, mwaka wa 2008 tu. Kuuza kwa bei ya juu inayolipwa baadaye kumeruhusiwa na wanazuoni wengi, mradi bei iwe moja na ijulikane siku ya kufunga mapatano. Kisichoruhusiwa ni deni kuongezeka kila mnunuzi anapochelewa. Mkopo wa muuzaji unaweza kuandikwa hivyo bila taabu.

MPINZANI: Unaweza, lakini pwani ina historia inayotufunza tahadhari. Katika karne ya 19, Zanzibar na miji mingine ya mwambao, palikuwa na bei ya hiyari: mwenye shamba alimuuzia mfadhili mali yake kwa sharti kwamba anaweza kuikomboa, akabaki humo akilipa ijara. Katika maandishi hayo hapakuwa na riba. Kwa vitendo, ijara ilifanya kazi ya riba, na mashamba mengi yalikaa katika madeni kwa miaka. Jina la mkataba halimlindi mtu. Kinachomlinda ni masharti yake.

WAKILI: Kwa hiyo masharti matatu huandikwa: bei moja ya jumla kwa tarakimu na kwa maneno, ratiba ya mafungu yenye tarehe, na adhabu ya kuchelewa. Pande zinazokwepa riba zinaweza kukubaliana kwamba adhabu, ikiwepo, itolewe sadaka mahali palipotajwa. Malipo yapitie benki au M-Pesa, na kila fungu lipewe risiti inayotaja salio. Daftari la kuandikiana kwa kalamu huzua ugomvi mara mtu mmoja anapofariki.

Hatimiliki iko kwa nani

MPINZANI: Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Kati ya fungu la kwanza na la mwisho, nyumba ni ya nani? Kwa desturi ya mtaani, muuzaji hubaki na hatimiliki mkononi hadi alipwe senti ya mwisho. Mwaka wa tatu anachukua mkopo kwa hatimiliki hiyohiyo, au anauza kwa mwingine anayefanya upekuzi na kukuta jina lake pekee. Mnunuzi amelipa zaidi ya nusu ya bei na rejista haimjui.

MTETEZI: Hofu hiyo ina dawa, na dawa zipo katika sheria. Tatizo ni kwamba watu hawazitumii, kwa kuogopa gharama au kumuudhi mzee anayeuza. Kumwambia mzee kwamba hati zipitie kwa wakili si kumvunjia heshima. Ni kuwalinda watoto wake pia.

WAKILI: Dawa ziko ngazi tatu, kutoka ya chini hadi ya juu.

Ngazi ya kwanza ni maandishi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mkataba wowote wa kuhamisha haki katika ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na wote wanaohusika, na kila saini ishuhudiwe. Mapatano ya mdomo mbele ya mzee wa mtaa au chifu yanaweza kuwa na shahidi mwema, lakini kwa kawaida mahakama haitayapa nguvu kama mauzo ya ardhi. Kwa nyumba ya familia, ridhaa ya mume au mke iandikwe pia, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013.

Ngazi ya pili ni kizuizi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mtu mwenye haki inayotokana na mkataba kuweka kizuizi kwenye rejista. Baada ya hapo, mauzo au rehani mpya haiwezi kusajiliwa bila yeye kuarifiwa. Hatimiliki na hati ya uhamisho iliyokwisha kutiwa saini huwekwa kwa wakili aliyekubaliwa, azitoe fungu la mwisho likilipwa.

Ngazi ya tatu, iliyo bora, ni kugeuza mpango wote: umiliki unahamishwa kwa mnunuzi mwanzoni, na siku hiyohiyo mnunuzi anamwekea muuzaji rehani juu ya nyumba kwa kiasi cha salio. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye ardhi kuirehani kwa mtu yeyote, haisemi benki tu. Jina la mnunuzi liko kwenye rejista, deni la muuzaji nalo liko kwenye rejista. Hakuna anayeweza kumzunguka mwenzake.

MPINZANI: Na gharama?

WAKILI: Ushuru wa stempu katika miji ni asilimia 4 ya thamani. Kwa nyumba ya Sh1,800,000 ni Sh72,000, ikiwa mthamini wa serikali hakuona thamani kubwa zaidi. Ushuru juu ya rehani ni asilimia 0.1, kwa salio la Sh1,200,000 ni Sh1,200. Ada za mawakili zinaongezwa. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Ushuru wa stempu ungelipwa mwishoni hata hivyo. Kinachobadilika ni kwamba unalipwa mapema. Kwa hiyo mnunuzi auhesabu ndani ya fedha za mwanzo, hata ikimbidi kupunguza arbuni.

Nyumba bila ardhi

MTETEZI: Mawakili huzungumza kana kwamba kila nyumba ina hatimiliki. Bara yetu ina nyumba nyingi ambazo mwenye kuta si mwenye kiwanja. Mtu amejenga kwa idhini, analipa ijara ya kiwanja kila mwezi, na nyumba inauzwa na kurithiwa kama mali kamili. Benki haiigusi. Kwa nyumba kama hiyo mkopo wa muuzaji ndio mkopo pekee uliopo, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba hata mfanyakazi wa mshahara mdogo anaifikia.

WAKILI: Asili yake ni ya zamani. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani kudai ardhi zao. Waliodai wakathibitishiwa walipata vyeti. Wengi ambao hawakudai walijikuta juu ya ardhi ya mtu mwingine au ya serikali. Desturi ya nyumba bila ardhi iliruhusu watu kuendelea kujenga na kuuziana, na hapa pwani mahakama zimeitambua, ingawa kanuni ya kawaida ya sheria ni kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Lakini mwenye nyumba hukaa kwa ridhaa, na kiwanja kinaweza kuuzwa chini ya miguu yake.

MPINZANI: Tena pale ambapo muuzaji ndiye benki pekee, rejista haiwezi kumlinda mnunuzi. Kizuizi kitawekwa kwenye kiwanja gani, na rehani itasajiliwa juu ya nini? Tumeona pia mambo yanavyokuwa makubwa ardhi yenyewe inapogombaniwa. Shamba la Waitiki huko Likoni, ekari 930, liliingiwa na watu baada ya machafuko ya 1997. Ilibidi serikali ilinunue, na Januari 2016 wakazi wakakabidhiwa hatimiliki. Waliambiwa kila mmoja arudishe Sh182,000 kwa miaka 12, na wengi walilalamika kwamba ni nyingi. Huko serikali ndiyo iliyokuwa mkopeshaji, na hatimiliki ilitolewa kabla ya deni kuisha. Mnunuzi wa kuta peke yake hana serikali nyuma yake.

MTETEZI: Mwenzangu amesaidia hoja bila kukusudia. Kwa kiwango cha Waitiki, fungu lilikuwa karibu Sh1,260 kwa mwezi, na mtu alikuwa na hati yake mkononi. Huo ndio mpango ambao Wakili ameuita bora. Kwa nyumba bila ardhi, nakubali masharti magumu zaidi: mwenye kiwanja atie saini kwamba anamtambua mnunuzi, risiti za ijara za nyuma zionyeshwe, mnunuzi apewe nafasi ya kwanza kiwanja kikiuzwa, na mafungu yaishe katika muda mfupi ambao kodi ya nyumba inaweza kurudisha fedha zote. Kuongeza ghorofa juu ya kiwanja cha mtu, hapana.

MPINZANI: Kwa masharti hayo, ni ununuzi wa kipato cha miaka michache. Mnunuzi akiujua hivyo na akaulipia hivyo, sina ugomvi.

Kifo na warithi

MPINZANI: Mafungu ya miaka mitano ni muda mrefu. Muuzaji akifariki katikati, nyumba inaingia katika urithi. Kwa familia ya Kiislamu, mafungu ya warithi yanahesabiwa, na anaweza kutokea mtoto aliyeko Oman au Uingereza ambaye hakuwahi kusikia habari ya mauzo.

WAKILI: Mkataba ulioandikwa vizuri huwafunga warithi, na utaje hivyo. Kama nyumba tayari ni ya marehemu, mtu asinunue kwa mrithi mmoja. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu kuuza mali isiyohamishika ya marehemu kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa na mahakama. Mahakama ya Kadhi hushughulikia urithi wa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake, lakini mgogoro wa mauzo ya ardhi huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina ofisi Mombasa. Mnunuzi naye aiambie familia yake juu ya deni, ili akifariki wajue wanamlipa nani na kiasi gani.

MTETEZI: Hili linatetea ngazi ya tatu kuliko maneno yangu yote. Umiliki ukishahamishwa, kifo cha muuzaji huwaachia warithi haki ya kulipwa deni tu. Nyumba haimo tena katika mirathi.

Mnunuzi akishindwa

MPINZANI: Mikataba mingi ya mtaani husema kwamba mnunuzi akikosa fungu moja au mawili, hupoteza nyumba na fedha zote alizokwisha kulipa. Mtu amelipa Sh1,400,000 kati ya Sh1,800,000, anaugua miezi mitatu, anatolewa. Huo ni unyang'anyi wenye saini.

WAKILI: Sheria ya Ardhi haimwachii muuzaji uhuru wa namna hiyo. Anayetaka kuvunja mkataba na kurudishiwa nyumba lazima atoe ilani inayoeleza kosa, na mnunuzi anaweza kuiomba mahakama nafuu. Palipo na rehani iliyosajiliwa, ulinzi ni mkubwa zaidi: baada ya kukosa malipo kwa mwezi mmoja hutolewa ilani ya angalau miezi mitatu ya kulipa, na kabla ya mauzo ilani nyingine ya siku 40. Nyumba ikiuzwa, kinachozidi deni ni cha mnunuzi. Katika mkataba wa mafungu usio na rehani, kifungu cha haki husema muuzaji anabaki na sehemu iliyotajwa, kwa mfano arbuni ya asilimia 10, pamoja na kodi za muda ambao mnunuzi alikuwa akizipokea, na kinachobaki kinarudishwa.

MTETEZI: Muuzaji naye alindwe. Kuna wanunuzi wanaopokea kodi mwaka mzima bila kutoa fungu hata moja. Kuwepo kwa kipindi cha neema cha siku 30, na baada ya hapo kodi za wapangaji zikaenda moja kwa moja kwa muuzaji hadi malimbikizo yaishe, ni kifungu kinachowafaa wote wawili. Hakimtoi mnunuzi, wala hakimwachi muuzaji mikono mitupu.

Wapangaji waliomo

WAKILI: Upande uliosahaulika katika mauzo haya ni wapangaji. Hawamo katika mkataba, lakini ndio wanaoulipa. Chumba ambacho kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi kimo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296; kodi haipandishwi wala mpangaji hatolewi bila idhini ya baraza husika. Hata penye kodi ya juu zaidi, kufunga mlango au kuchukua vyombo vya mpangaji bila idhini ni kosa.

MPINZANI: Kwa hiyo mnunuzi aliyepanga kupandisha kodi mwezi wa kwanza ili afikie fungu lake amejenga juu ya mchanga.

MTETEZI: Ndiyo. Mnunuzi ahesabu kwa kodi inayolipwa leo. Kabla ya saini apite vyumba vyote sita, amuulize kila mpangaji analipa kiasi gani na amelipa mara ya mwisho lini, kisha alinganishe na maneno ya muuzaji. Alasiri moja uani hufichua mambo ambayo hati haziyaonyeshi: chumba kinachovuja, deni la stima, na mpangaji ambaye ni mpwa wa muuzaji asiyelipa kitu.

Ulipofikia mjadala

Pande zote mbili zinakubaliana juu ya mambo makuu. Mkopo wa muuzaji unawafungulia mlango watu waliofungiwa na benki, na Mombasa bara watu hao ni wengi. Bei ya mkopo ipimwe dhidi ya bei ya taslimu, na fungu la mwezi lisizidi kodi inayobaki baada ya vyumba vitupu, ushuru na matengenezo. Usalama wa mnunuzi unategemea nafasi yake kwenye rejista katika kipindi cha deni: njia bora ni umiliki kuhamishwa mwanzoni na salio kuwekewa rehani, ikishindikana, kizuizi na hati kuwekwa kwa wakili, pasipo hata moja kati ya hizo, bei na muda wa malipo vishuke kulingana na hatari.

Zinapotofautiana ni juu ya nyumba bila ardhi. Mtetezi anaiona kama ngazi halali ya kuanzia kwa asiye na njia nyingine, mradi mwenye kiwanja ahusishwe. Mpinzani anashikilia kwamba mtu mwenye akiba ya kwanza na ya pekee asiiweke juu ya ardhi ya mwingine. Tofauti hiyo haiwezi kuisha kwa mikataba ya watu binafsi. Itaisha pale wakaaji wa viwanja hivyo watakapopata hati zao wenyewe, na hadi hapo kila mnunuzi atapaswa kupima mwenyewe ni kiasi gani cha jasho lake anaweza kukihatarisha.